Siku Nilidhani Mungu Amenishika Mkono

Aibu hii nitaisema mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa soko la mifugo hapa Isiolo wataitia chumvi, na chumvi iliyomo inatosha. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, nyumba ya mawe nimejenga kwa kuuza ng'ombe, na sipendi kufundishwa. Lakini presha ilipanda, na pasta wetu akaniambia, "Mzee, kila asubuhi keti, funga macho, pumua polepole, mwite Yesu kimoyomoyo, kisha nyamaza umsikilize." Nyumbani hakukaliki (binti yangu Kendi alikuwa anaolewa Jumamosi, shangazi zake wamejaa mpaka jikoni), kwa hivyo nikaamua kutafakari pale sokoni, kando ya fahali wa harusi niliyekuwa nimetoka kumchukua Ngaremara.

Nikaketi juu ya jiwe, macho nimefunga, viganja juu ya magoti vinatazama mbinguni. Napumua. Yesu. Napumua. Mara mkono wenye joto ukanishika, na kitambaa kikafunika vidole. Sasa hapa kwetu bei haitajwi kwa mdomo, dalali na mwenye mali wanafinyana vidole chini ya kitambaa, na mimi nimefinyana hivyo tangu ujana, lakini siku hiyo (chekeni tu) nilisema moyoni, kumbe Bwana anakuja haraka hivi! Akanifinya, nami nikamfinya kwa shukrani. Akafinya tena, nikafinya kwa nguvu zaidi, machozi yakanitoka, nikasema kwa sauti, "Ndiyo, Bwana!"

Kufungua macho, ni Guyo dalali, na fahali wa Kendi anapandishwa lori.

"Guyo, huyo si wa kuuza!"

"Mzee, umefinya, umesema ndiyo, mpaka umelia kwa furaha. Mkono unarudi?"

Haurudi, bei ikishafinywa imefungwa. Mimi ndiye huwafokea vijana hivyo. Watu wakajaa, mnunuzi mwenye lori akaniuliza kama nimelewa asubuhi yote hiyo, mimi mzee wa kanisa! Ukweli ningeumeza, lakini wageni wa Kendi wangekula sukumawiki. Nikasema, "Nilidhani ni Mungu."

Soko zima likaangua kicheko. Guyo alishika mbavu: "Wallahi mzee, mimi? Na hii harufu ya mbuzi?" Mnunuzi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema fahali ateremshwe, yeye hawezi kuchukua mali ya mtu aliyekuwa kwa maombi.

Harusi ilijaa nyama. Lakini mpaka leo Guyo hanipi mkono kabla hajajitaja: "Salaam aleikum mzee, ni Guyo tu." Kutafakari sijaacha, presha imeshuka kweli. Ila mikono naikalia.