Uongo Niliomwambia Mama Pamela Kule Louisville

Siamini bado. Nilikuwa break hapa warehouse, Columbus, mkate uko mdomoni, ndipo nikasoma ujumbe wa binti yake: Mama Pamela ametutoka jana asubuhi, nyumbani kwake Cheektowaga, pembeni ya Buffalo. Supervisor akaniuliza, "You okay?" Nikasema niko okay.

Wengi mmeweka picha zake leo na kuandika "mama yetu". Mimi naandika kwa aibu. Mnivumilie.

Kwa wasiomjua: alikuwa Mwingereza. Ujanani aliimba kwenye majukwaa ya London, zile tamthilia ambazo watu wanaimba, wanacheza na kuigiza kwa pamoja, maonyesho manane kwa wiki. Baadaye akawa mtangazaji wa redio, anasoma barua za wasikilizaji na kuwapigia nyimbo walizoomba. Akaolewa na mtu wa Buffalo, akaja huku kwenye theluji.

Sisi tulimjua siku alipogonga mlango. Wakati huo nami niliishi huko Buffalo, na kwaya yetu ya Wakongomani ilikuwa inafanya mazoezi sebuleni kwangu, na mimi, rais wa kwaya, nikatoka mbio na "sorry, sorry", nikijua jirani kaja kulalamikia kelele. Akasema kwa Kiingereza chake, "Mbona mmenyamaza? Wimbo ni mzuri, ila alto wenu wamelala." Jamani!

Wiki iliyofuata alitulaza wote kwenye kapeti, kila mtu na mfuko wa unga wa fufu juu ya tumbo, tujifunze kuvuta pumzi. Wanaume wazima na sharubu zao! Tulicheka mpaka unga ukamwagika.

Miaka miwili alitufundisha bure. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na akianza kuimba hata watoto wetu waliweka simu chini.

Halafu tukaalikwa Louisville kuzindua albamu yetu mbele ya makanisa mengi. Yeye alipewa ubeti mmoja wa kuimba peke yake, kwa Kiswahili. Aliufanyia mazoezi mwezi mzima. Alishona kitenge cha sare kama sisi, tukasafiri naye kwenye van kutwa nzima.

Asubuhi ya uzinduzi mmoja wetu akatoa simu: video ya zamani, Mama Pamela msichana, manyoya kichwani, mapaja wazi, anacheza jukwaani. Kamati ikakaa pale pale parking. Katibu wetu akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "Bon, présidente, wewe njo utamuambia. Ule mama hawezi simama mbele ya wachungaji. Donc, watu watasema nini?"

Ningeweza kukataa. Nilijua ile ilikuwa kazi yake tu, na kwamba alimcha Mungu kuliko nusu ya kamati. Lakini niliogopa macho ya watu. Tena niliona haya hata kumwambia kwamba tunamwonea haya. Nikatafuta njia rahisi: "Mama, fundi wa mitambo anasema sauti yako imechoka. Imezeeka."

Mwimbaji, unamwambia hivyo! Na fundi mwenyewe hakuwa amesema kitu.

Akarekebisha kilemba. "Uko sawa, darling. Hata mimi nilianza kuisikia." Akaenda kukaa benchi ya nyuma na kitenge chake, akatupigia makofi kuliko watu wote.

Baada ya hapo aliendelea kuja mazoezini, lakini hakuimba tena. Alituonyesha kwa mikono. Nikajiambia nitamweleza ukweli. Nikahamia Columbus, na kila alipopiga simu nikasema next time. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja na mizigo yake yote.

Jioni hii binti yake ameniandikia tena: "Mama alikuwa anaimba kila siku akipika. Miaka hii alinyamaza kabisa. Wewe unajua kwa nini?"

Nimemjibu. Nimemwambia yote, bila kumsingizia katibu wala kamati. Hajarudisha neno, na namwelewa.

Mama Pamela, sauti yako ilikuwa nzima. Siku ile hakukuwa na mtu kwenye kwaya yetu wa kukufikia, na mimi ndiye niliyekunyamazisha. Nisamehe, nimechelewa.

Lala kwa amani, Mama. Na wakikuomba wimbo huko, usiulize mtu. Imba.