Udongo wa Miguuni mwa Bobi

Sipendi visa vya mizimu, na wanafunzi wangu hapa Runzewe ni mashahidi: anayeniletea ushirikina darasani nampa insha ya kurasa nne aukanushe. Kwa hiyo ukiona naandika haya, fahamu kwamba nimelazimishwa na macho yangu mwenyewe.

Msimu wa mvua, kumtembeza mbwa ni adhabu. Kila asubuhi Bobi alinikokota matopeni, na kila tuliporudi nilichuchumaa barazani na beseni na tambara, nikimsugua kidole kimoja kimoja, naye akinilamba sikio kana kwamba nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Mke wangu, Mama Kulwa, alinisimamia mlangoni.

“Baba Kulwa, mguu wa nyuma bado! Akinichafulia sakafu, mtalala wote nje.”

Siku moja Bobi aliniponyoka, akaingia kwenye duara, ndivyo wachimbaji waitavyo shimo la dhahabu, lililoporomoka wiki iliyotangulia na kumfunika mtu. Mwili haukupatikana. Nilipomwosha, tope lilimetameta ndani ya beseni. Je, ningelimwaga? Mimi, niliyewakemea vijana kwa tamaa miaka yote, nililisukuma beseni chini ya benchi, nikalifunika kwa gunia.

Nilipoinua uso, mwanamume alikuwa amesimama barazani, tope hadi magotini.

“Mwangaluka, mwalimu,” alinisalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka. Ndugu yangu, huoni sakafu imepigwa deki? Futa miguu!”

“Naomba udongo uliouosha miguuni mwa mbwa. Nyumbani wanausubiri.”

“Nimeshaumwaga chooni.”

Naam, nilidanganya bila kupepesa jicho. Hakugomba. Alipiga magoti, akaipapasa miguu ya Bobi mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mwiba.

“Basi naondoka na udongo wake yeye,” alisema.

Nikageuka kumwomba mke wangu tambara jingine.

“La nani?” akauliza. “Na unamfokea nani asubuhi yote hii?”

Barazani hapakuwa na mtu. Wala tone la tope, niamini.

Mchana Mama Kulwa aliliona beseni, ikanibidi nimweleze Bobi alikuwa ameingia wapi. Yeye ni binti wa mchimbaji, alishika kichwa.

“Huu ni udongo wa marehemu! Ndugu zake wanakuja leo kuuchota, wauzike badala ya mwili. Kabla yao hauguswi na mtu. Mwalimu mzima, hujui?”

Nilijua. Hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Nililibeba beseni hadi msibani, nikalikabidhi, nikaungama mbele ya waombolezaji. Kaka wa marehemu alilipokea kwa mikono miwili bila kunitazama. Wakazika. Kilichong'aa hakikuwa dhahabu, kilikuwa ulanga mtupu, usio na thamani hata ya kijiko cha chumvi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini tangu siku hiyo Bobi hupita kwenye tope jeusi la mbuga akatoka mkavu, na nyuma yake haachi alama hata moja. Huniamini? Njoo mvua ikinyesha. Anakula, anabweka, ila ndani haingii, na nikimshika miguu ni baridi kama jiwe la kisimani. Yule mgeni wa barazani aliondoka kweli na udongo wake; sasa udongo umemkataa, kwa kosa ambalo si lake.

Kazi niliyoilalamikia miaka yote imeniishia, nami ningetoa chochote nirudishiwe. Basi nakuonya: mtu akija mlangoni kwako kuomba udongo wake, mpe, uwe unang'aa au haung'ai.