Alama ya Ng'ombe Kwenye Kona ya Ihanda

Nilikuwa msaidizi wa mtafiti aliyekuja Karagwe kuchunguza kama alama za barabarani zinaeleweka na kufuatwa. Siku ya kwanza tulisimama peupe na tochi ya kupimia mwendo, ile wanayoichukia madereva. Wakaanza kuwashiana taa, na magari yote yakaja taratibu kama yanakwenda kubatizwa. Kesho yake tukajificha kwenye migomba.

Alama yetu ilikuwa pembetatu yenye picha ya ng'ombe, karibu na kona ya Ihanda. Mtafiti aliwauliza madereva maana yake, na wote walijibu sawa: ng'ombe wanavuka huko mbele. Tochi nayo ilionyesha kwamba wakishaipita alama, mwendo unashuka. Mtafiti alifurahi. Mimi swali moja lilikuwa linaniwasha: mbona hatuwaulizi wenye ng'ombe?

Jioni nikaenda kwa mjomba wangu, mfugaji. Nikamwamkia, nikapewa maziwa, maana kwake huulizi jambo kabla hujanywa.

"Mjomba, ile alama pale konani inasema nini?"

"Si mlango wa ng'ombe, mpwa wangu? Zamani tulivukia kule bondeni, peupe. Serikali ilipotuchorea ng'ombe, tukahamia pale."

Niliweka maziwa chini. Alama ile huwekwa mapema, kabla ya kivuko, ili dereva ajiandae. Mjomba alikuwa akipitisha kundi kwenye alama yenyewe, konani, gari likiwa bado linakimbia. Niliogopa, nikamweleza huku nikichora chini kwa kijiti.

Alicheka, kisha akauinamia mchoro. "Mimi nimeelewa. Ng'ombe nani atawaeleza?"

Asubuhi nikamsaidia kuwaswaga kuelekea bondeni. Ng'ombe anayeongoza, mwenye pembe ndefu kuliko wote, akageuka na kwenda moja kwa moja kwenye alama, wenzake nyuma yake. Ng'ambo ya kona tukasikia lori. Mjomba alinivua kizibao changu cha kung'aa, cha kazi ya barabarani, akakivaa huku anakimbia kuipita kona, fimbo juu.

Breki zikalia. Lori likasimama. Ng'ombe wakavuka bila haraka yoyote.

Mtafiti akatoka migombani na tochi yake mkononi, hakupima kitu. Mjomba akamwendea, kizibao changu kikiwa bado mwilini mwake.

"Haya, mgeni wetu," akamwambia. "Sasa niulize na mimi."