Mguu Ulioniangusha Ukweni

Aibu yenyewe naisema mwenyewe kabla Athumani hajawasimulia kwa kuongeza chumvi: mtu mzima mimi, niliyeanza maisha kwa kukata mkonge bila kujua hata kushika kalamu na leo nina malori yangu ya machungwa pale Kabuku, nilianguka kifudifudi juu ya sinia la vitumbua ukweni, udenda unanitoka, na kina mama wakaanza kunisomea dua.

Ilianza na jino. Nilikuwa mshenga wa mjukuu wangu Rajabu, tunakwenda kumposa Zaina, binti wa Masuguru, na gego la chini kushoto likawa linanipiga mpaka sikioni, nikaona mshenga mwenye jino bovu hawezi kujibizana na watu, basi tulipofika Korogwe mjini nikamwambia mdogo wangu Athumani anisubiri stendi, nina mtu wa kuonana naye, nikaingia kwa daktari wa meno, nikapigwa sindano ya ganzi, likang'oka. Daktari akaniambia babu tulia kwanza, huo mdomo utachukua muda kurudi. Nikajua hayo ni maneno ya kubembeleza waoga. Jino nikalifunga kwenye leso nikatia mfukoni (ni langu, nimetafunia mihogo tangu ujana, nimwachie yeye la nini?). Athumani sikumwambia kitu, maana maisha yangu yote najisifu kwamba mwili huu haujui sindano.

Masuguru tukapewa viti, nikakataa. Babu yangu alinifundisha kwamba anayeomba hakai sawa na anayeombwa, kwa hiyo nikashuka mkekani, nikakunja miguu, wa kushoto nikaukalia. Bibi Fatuma, bibi yake Zaina na ndiye mwenye neno la mwisho kwenye nyumba ile, akauliza yale yanayoulizwa: kwenu kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna kiharusi? Nikamjibu kwa kirefu kwamba sisi tunauawa na uzee peke yake, na mimi hapa sindano naisikia tu kwa watu. Maneno yalikuwa yanatoka mazito kama uji wa jana, Athumani ananitazama, mimi nasonga mbele.

Bibi akaridhika. Akasema mshenga asimame, akabidhi kishika uchumba kwa mikono miwili. Nikasimama. Tuseme nilisimama nusu, maana mguu wa kushoto haukuwepo. Nikaenda chini, kifudifudi juu ya sinia la vitumbua walilotuandalia, na nilipojaribu kusema sina neno, ikatoka sauti ya ndama na mate yakafuata.

Athumani akanimwagia maji ya kunawa. Bibi Fatuma hakupiga kelele, alisema taratibu, na hilo ndilo lililonichoma: "Mna kiharusi kwenu na mmekuja kutuficha. Posa ipumzike kwanza."

Rajabu alikuwa anamtaka binti yule kuliko lori jipya. Na mimi ndiye ninayemvunjia.

Shangazi yake Zaina, ambaye ni nesi, akapiga magoti. "Shikamoo babu. Hebu cheka nikuone."

Nikacheka upande mmoja, wa kushoto ukabaki msibani. Kina mama wakashika vichwa. Akaniambia nyanyua mikono yote miwili, ikapanda sawasawa. Gusa pua yako, gusa kidole changu. Nikagusa. Akauliza mguu unasikiaje.

"Chiafu," nikasema, "wananitembelea chiafu."

"Siafu ni habari njema," akasema. "Babu, leo umechomwa sindano wapi?"

Athumani akanijibia kwa fahari: "Huyu? Huyu hajachomwa tangu azaliwe."

Nikaona sifa yangu upande huu na mke wa Rajabu upande ule. Nikaingiza mkono mfukoni, nikafungua leso mbele ya wote.

Nesi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akawaeleza, na mimi nikaelewa kuliko wote kwa sababu ni mambo ya barabara: ubongo ndio ofisi kuu, uti wa mgongo ni lami, na mishipa ya fahamu ni njia za vumbi zinazopeleka amri mpaka kidoleni na kurudisha habari. Alishtuka, akasema, kwa kuwa ubongo wa kulia ndio unaotawala mwili wa kushoto, na mimi mdomo na mguu vyote vya kushoto. Ila mkono ulikuwa mzima, na kidole kilifika kwenye pua bila kupotea, maana kisogoni kuna ubongo mdogo unaoshika mizani. "Ofisi yake nzima," akasema. "Njia moja imezibwa na daktari wa meno, nyingine ameikalia mwenyewe. Lakini babu, kesho ukapime presha."

Bibi Fatuma akalichukua jino, akaligeuza kwenye mwanga. "Kubwa kama la ng'ombe," akasema. "Ukoo wenye meno haya si wa wagonjwa. Ni wa waongo tu, na uongo tutauzoea."

Vigelegele nilivipokea nikiwa nimesimama, kwa miguu yote miwili.

Presha nilipima. Zaina sasa yuko kwetu, na kila nikienda Masuguru, Bibi Fatuma hanipi chai mpaka nimenyanyua mikono na kucheka. Nafanya. Ila nimeapa: kwenye posa nyingine nikipewa kiti nakaa, na babu yangu anisamehe huko aliko.