Walioikamua Dhahabu

Asubuhi niliyoondoka nyumbani sikuwa na safari. Niliamka, nikaona ukungu umelala juu ya migomba ileile, nikasikia majirani wakigombana juu ya mpaka uleule, nikachukua fimbo na blanketi. Mama aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia ninakwenda kuona barabara.

"Barabara umeiona tangu ulipotoroka shule," alisema. "Haijabadilika."

Nikaenda hata hivyo.

Watu wa kwetu hawavumilii mtu asiye na safari. Wakimwona, huiona mikono yake mitupu, na mikono mitupu ni lazima ipewe mzigo. Sikuwa nimefika sokoni Nyaramba baba yangu mdogo aliponidaka kwenye kivuko cha kijito. Baba mzazi alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo huyu ndiye aliyelisimamia boma letu, na sijakutana tena na mtu aliyejiamini sana kwa sababu chache namna ile.

"Unakwenda wapi?"

"Popote, tata," nikasema, kwani ndugu wa baba kwetu naye huitwa baba.

"Vizuri. Kabla hujafika huko popote, nikusanyie ile dhahabu uipeleke mjini."

Dhahabu yenyewe ilikuja hivi. Dada yangu alipoolewa, ng'ombe wake waliletwa bomani kwetu, na kwa desturi ya Wagusii ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka anayemfuata. Aliyemfuata ni mimi. Nilikuwa nimepata msichana, baba yake alikuwa ametaja hesabu, na hesabu ilikuwa imetimia mpaka kwenye mtamba wa mwisho, mweusi mwenye baka jeupe begani. Lakini miaka hiyo ya thelathini Wazungu walikuwa wakifukua mito kule chini, ng'ambo ya Kilgoris na upande wa Migori, na kila kikao cha pombe kilikuwa na mtaalamu wake wa dhahabu. Watu ambao hawajawahi kuiona walijua inavyonuka, na mvua gani huifichua. Siku moja akapita mgeni kutoka machimboni, mtu mwenye kikohozi, amebeba bomba la unyoya wa tai lililojaa unga wa manjano, ncha zote mbili zimezibwa kwa nta. Baba mdogo akampa yule mtamba, akaupokea unyoya.

Hakuniuliza. Alinijulisha tu, amesimama, kidole juu: "Ng'ombe hufa. Dhahabu haifi."

Ni kweli. Hata jiwe la kusagia halifi.

Kosa hilo lingeweza kufanywa na mtu wa kabila lolote. Lililofuata lilikuwa letu wenyewe. Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote bomani. Huwapeleka wakae kwa marafiki na mashemeji, wawili hapa, mmoja kule, ili ugonjwa au mwizi asiwamalize kwa siku moja. Anayemtunza ng'ombe wa mwenzake hunywa maziwa yake. Ng'ombe akizaa, hupeleka habari kwa mwenyewe, na akizaa mara kadhaa mtunzaji hupewa ndama wake. Ni desturi nzuri sana, kwa ng'ombe. Baba mdogo hakujua njia nyingine ya kutunza mali, basi aliuzibua unyoya, akagawa ule unga mafungu matatu, akapeleka mawili yakakae kwa watu. La tatu alilitia katika pembe yake ya ugoro. Ugoro ulikuwamo.

Nilimweleza msichana habari hizo kisimani. Alinisikiliza huku mtungi ukijaa.

"Kwa hiyo mmebadilisha mtamba kwa vumbi."

"Si vumbi. Ni dhahabu."

"Baba yangu anahesabu pembe," alisema. "Wimbi likivunwa na mtamba hajaja, kuna mwingine ambaye ng'ombe wake wametimia, na amekwisha kuja mara mbili. Sitakulilia. Nakwambia tu."

Asubuhi ile baba mdogo aliponidaka, wimbi mashambani lilikuwa limeanza kugeuka rangi. Ndipo alipokumbuka kwamba dhahabu sharti iuzwe ili iwe mtamba tena. Nilitakiwa kuzunguka kwa watunzaji, nikusanye mafungu, nimpelekee sonara mmoja wa Kihindi mjini Kisii, nirudi na bei ya mtamba. Aliyasema hayo kama mtu anayemtuma mwenzake kuchuma mboga.

Kwanza alinipa fungu lake. Aliigonga pembe juu ya jani la mgomba, ukamwagika ugoro wenye nyota kidogo.

"Tata, hii umekuwa ukiivuta?"

"Kidogo tu, asubuhi," alisema, kisha akapiga chafya kubwa, na mimi nikaona sehemu ya mahari yangu ikipotelea kwenye majani ya kijito.

Mtunzaji wa kwanza alikuwa Msabato, mtu safi, mwenye uwanja uliofagiliwa na fulana nyeupe. Alinikaribisha, akaomba dua ndefu, akaleta kopo la chai lenye kifuniko. Nilipolifungua nikaona kitako cha kopo, na punje chache tu.

"Nimeitolea fungu la kumi," alisema kabla sijauliza.

"Fungu la kumi la nini? La ongezeko?"

"La ongezeko."

"Imeongezeka?"

"Haijaongezeka bado. Lakini mwanangu, mtu hangoji kubarikiwa ndipo atoe."

"Ulitoa mara moja?"

Alinitazama kwa huruma. "Kila Sabato."

Nilitoka shule mapema, lakini kugawa kwa kumi nilikuwa nimekufikia. Alikuwa akiifunga ile punje ya fungu la kumi katika kipande cha jani na kuiweka kwenye sahani pamoja na sadaka za wengine, bila kumwambia mtu ni nini, kwa sababu mkono wa kushoto haupaswi kujua. Sahani nayo haikujua. Bila shaka aliyefagia Jumapili ndiye aliyeipokea. Nikamshukuru. Ungemfanya nini mtu kama huyo? Alikuwa amenifilisi kwa moyo mweupe kabisa.

Wa pili alikuwa rafiki wa marehemu baba, mzee aliyeishi bondeni karibu na maji. Huyu alinipokea mlangoni akicheka.

"Imezaa!" alisema.

Akaleta kibuyu kilichojaa mpaka nusu. Ndani mlikuwa na mchanga wa mto uliochanganyika na vile vigae vyembamba vinavyometameta, ambavyo kila mtoto wa bonde lile huvichezea kwa kuvibandika mashavuni. Alikuwa amesikia kwamba dhahabu hutoka mchangani, basi akaona ni ukatili kuitenga na mama yake. Aliitia mchangani, na kila alipochungulia aliona inayometa imezidi. Alikuwa akiongeza mchanga mwenyewe, kwa mkono wake, ila hilo hakulihesabu. Lilikuwa malisho.

"Na maziwa, mzee?" nilimuuliza. Nilikuwa nadhihaki.

"Maziwa tumekunywa, nisikudanganye. Mke wangu huiosha mwezi ukiandama, nasi tunakunywa yale maji. Mgongo wangu umepona."

"Maji mengine yalimwagwa wapi?"

"Kwa migomba. Nenda ukaione migomba."

Sikwenda kuiona. Nilipokiinua kibuyu alinishika mkono, akachota konzi moja, akaifunga katika ngozi. Hiyo ilikuwa ndama wake. Alikuwa na haki nayo, alisema, hata baba yangu angekuwa hai angempa. Nami nilijua ni kweli angempa, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi ya yote, kwani nilikuwa nimezoea kuamini kwamba ujinga wa boma letu ulianza na baba mdogo.

Nilitembea hadi Kisii nikiwa na jani la ugoro, kopo la chai, na kibuyu cha mchanga. Mji wakati ule ulikuwa safu ya maduka ya mabati, ofisi ya serikali, na wanawake wenye mikungu ya ndizi wakiwatukana wanunuzi. Sonara alikuwa na chumba nyuma ya duka la nguo. Alifunga mlango kwanza, kwani kununua dhahabu ya mtoni kutoka kwa mtu kama mimi kulihitaji leseni, na leseni hakuwa nayo. Kisha akatazama vyombo vyangu vitatu. Akanusa ugoro.

"Nani alichanganya hii?"

"Jamaa zangu."

"Walichanganya ipi?"

"Zote."

Nilimdharau nilipoingia, kwa sababu ya viatu vyake vya kitambaa na sauti yake nyembamba. Dharau hiyo haikudumu. Alimimina kila kitu katika karai lenye maji, akalizungusha polepole, na ule mchanga wa mzee, uzao na mama yake, ukatoka ukingoni ukaenda zake. Kilichobaki chini hakikufunika ukucha. Akakidondoshea zebaki, akakichoma juu ya makaa dirishani, uso ameugeuza pembeni, hata ikabaki shanga moja ndogo ya manjano. Akaisugua juu ya jiwe jeusi, akatazama mstari wake, akaweka tone la tindikali. Mstari haukufutika. Mwisho akaipima katika mizani ya kiganjani, na mawe ya mizani hiyo yalikuwa mbegu, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Mali ya ukoo wetu ilipimwa kwa mbegu ambazo dada zangu walizitunga shanga walipokuwa wadogo, na mbegu zikashinda.

"Yule aliuzia nyinyi hakuiba," alisema sonara. "Hii ni safi sana. Unyoya ulikuwa namna gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole urefu na unene wake. Akahesabu kichwani.

"Ungeleta siku ileile, ungetoka hapa na bei ya mtamba, na blanketi juu yake."

Tulikuwa tumemtukana yule mgeni mwenye kikohozi kwa miezi mizima. Mama alikuwa amemwombea kifo. Kumbe katika biashara ile yote, mtu mwaminifu na mwenye akili alikuwa yeye peke yake, naye alikuwa amekwenda zake na mtamba wangu, kwa haki kabisa.

Nikamuuliza sonara kama haingekuwa bora niiweke ile shanga nyumbani mpaka bei ipande. Nilikuwa nimesikia wataalamu wa vikao vya pombe wakisema hivyo. Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Bei inatoka Ulaya, kwa waya. Leo juu, kesho chini. Wewe huko mlimani utajua lini?"

"Nitasikia."

"Baada ya mimi. Na mimi nikisikia kwanza, nitakwambia?"

"Hapana."

"Mzuri. Umeanza kusoma." Akafuta mikono. "Dhahabu haili, haizai, haiwi na maziwa. Inakaa tu. Ukinunua kwangu, ghali. Ukiuza kwangu, rahisi. Katikati pale watoto wangu wanakula."

"Basi kwa nini watu wenu mnaitafuta?"

"Kwetu binti anaolewa, anaondoka na dhahabu mkononi. Bwana akiwa mbaya, anauza bangili, anakula. Kwenu binti anaondoka na nini?"

"Anaacha ng'ombe."

"Basi kaa na ng'ombe," alisema, akanihesabia shilingi. Zilitosha kununua mbuzi jike, kama muuzaji angekuwa na haraka.

Nilisimama sokoni zimo mkononi. Ningeweza kurudi na kumwambia baba mdogo, naye angeita watu, wangekaa siku tatu kumtafuta mwenye kosa, na wangempata ni mimi niliyekichukua kibuyu bila kuacha ndama wa pili. Nilimwona mwanamke wa kwetu akiuza ndizi. Nikampa zile shilingi ampelekee mama, mkononi, si kwa mtu mwingine.

"Nimwambie uko wapi?"

"Mwambie nimekwenda kutafuta mtamba."

"Ukiwa mikono mitupu hivyo?" Wenzake wakacheka wote.

Wazungu wa upande wa Nyansiongo walikuwa wakiandika watu wa kuvunja mahindi. Nililala njiani kwa mtu nisiyemjua, kesho yake alasiri nikafika, na nchi ilikuwa tambarare na baridi kuliko nilivyodhani, mahindi ya mtu mmoja yakienda mpaka macho yanapochoka. Mnyapara aliandika jina langu vibaya, nikamwacha. Akanionyesha kibanda cha nyasi mwisho wa safu.

Ndani mlikuwa na mtu mzima wa kutoka pwani ya ziwa, fundi wa magari ya ng'ombe, ameketi akishona kamba ya nira. Aliinua kichwa.

"Karibu, ndugu. Nyinyi wa milimani huja hapa kwa ajili ya mambo mawili tu. Kodi au mke."

"Mke. Amebaki mtamba mmoja."

"Mmoja tu! Huyo si mbali." Akaweka kamba chini, akaanza kunikunjia vidole: tiketi moja ni siku thelathini za kazi, na mvua haihesabiwi, na ugonjwa hauhesabiwi, na posho hukatwa. Kila kidole tiketi moja, alikunja vidole vya mkono mmoja, akaanza wa pili, kisha akasimama katikati. "Mwisho wa mambo hayo ni lini kwenu?"

"Wimbi likivunwa."

Alitazama nje mlangoni. Huko nyuma kote nilikopita, wimbi lilikuwa limekwisha kuinama kwa kuiva. Akavikunjua vidole vyake, akalivuta gunia lake la kulalia mpaka ukutani, akanipisha nafasi.

"Lala upande huu," alisema. "Ule mwingine unavuja."