Kigari cha Kagoma Kilichonifuata

Sijui nitarudi Kagoma kwa uso gani. Juzi nilikwenda huko kufunga reli ya umeme kwenye kiwanda cha kahawa, ile yenye kigari cha kubebea magunia. Nilikijaribu kwa rimoti, taa yake ikawaka, kikaenda na kurudi vizuri. Nikachuchumaa kukaza nati za mwisho.

Kigari kikaanza kunijia chenyewe, polepole. Nikaruka juu, kikasimama. Nikachuchumaa tena, kikaja tena.

"Hapa palikuwa kibanja cha mzee Ta Kaiza, shamba lake la migomba," akasema Ma Koku, msimamizi wa wachambuzi wa kahawa. "Wajenzi wa kiwanda walimwaga zege juu ya kaburi lake."

Mimi, fundi mwenye cheti, Mlutheri wa Kahororo, nikaweka juu ya reli punje za akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama ninayemkaribisha mgeni. Kisha nikamwomba yeye na wachambuzi wake wote tupige magoti tusali.

Goti langu lilipogusa sakafu, kigari kikaja mbio.

"Ta Kaiza, nisamehe!" nikalia.

Nyuma yangu Ma Koku akauliza taratibu, "Mwanangu, mbona mfuko wako wa nyuma unawaka taa?"