Manowari Mbili za Jina Moja

Juzi, kwenye makumbusho ya mji wa bandari wa Sur, niliona mifano ya manowari mbili za matanga, zote zikiitwa Nasiri. Nikamkumbuka Bibi.

Bibi alikuwa akijivunia kwamba babu yake alikuwa baharia wa Nasiri. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, chumba kikinukia kahawa na hiliki, nikamkatiza akiisimulia habari hiyo mbele ya wageni.

"Bibi muongo! Mwalimu kasema Nasiri ilizama kabla babu yako hajazaliwa."

Wageni wakacheka. Bibi akaendelea kumimina kahawa.

"Haya, Zuwena. Huenda nimechanganya."

Hakuisimulia tena habari hiyo mpaka anakufa.

Sikujua kwamba manowari ikizama, nyingine inayoundwa baadaye huweza kupewa jina lake. Na mimi ndiye niliyepewa jina la binti wa Bibi, ambaye Bibi alimzika kabla sijazaliwa.